Kishada kina nini?

SWALI: Tangu likizo ianze, kijana wangu wa miaka 12 hatulii nyumbani. Mchana kutwa yuko kiwanjani na kishada cha mfuko wa plastiki, anarudi jioni vidole vimechubuka kwa uzi. Nilikuwa namgombeza. Juzi nikaona kwenye simu watu wazima, wenye ndevu zao, wanavutwa na kishada kikubwa juu ya bahari huko Zanzibar. Upepo una utamu gani? Na ziwani kwetu inawezekana?
Mama wa watoto wanne, Himbi, Goma

JIBU: Mama, usimgombeze. Mimi nimekulia Katuba, Lubumbashi, na kila kiangazi, upepo wa Julai ukianza kupiga, hakuna aliyeweza kuniingiza ndani kabla ya giza. Upepo hauonekani, lakini ukishika uzi unausikia kidoleni: unatetemeka, unalegea, mara unavuta kama samaki aliyemeza ndoana. Mtoto anajua mambo ya huko juu kabla hajainua macho. Huo ndio utamu wenyewe, na sijapata mchezo mwingine wenye utamu huo.

Tena kuna akili nyingi pale. Mwombe akuonyeshe fundo la kifuani, nyuzi zinapokutana. Upepo ukiwa mkali, fundo husogezwa juu upana wa kidole tu, kishada kikalala na kupunguza mvuto. Likishushwa, kinasimama na kuvuta zaidi. Kikizunguka ovyo, ongeza mkia. Yaya wangu alinifundisha hayo kwa mkia wa kitenge cha mama kilichochanika.

Wale wa Zanzibar, pale Paje, wanasikia kitu kilekile kwa mwili mzima: mkanda kiunoni, miguu kwenye ubao, kishada cha mita za mraba 9 au 12. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili mwaka 1984 kishada chenye mbavu za kujazwa hewa, ambacho kikianguka majini kinaelea na kurushwa tena. Mwaka 2024 mchezo huo ukaingia Olimpiki.

Kwenye Kivu sishauri. Kusi na kaskazi hufika Paje kutoka bahari wazi, bila kukatwa na kitu, na nyuma ya miamba ya matumbawe maji ni ya kina kifupi. Kwenu milima inaukata upepo, unakuja vipandevipande. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kina kinashuka haraka.

Mwache na chake cha plastiki. Mkatalie mawili tu: kishada kikinasa kwenye nyaya za umeme, kiachwe hapohapo, na asirushie karibu na mashimo yenye mazuku, ile hewa ya sumu inayotuama chini, maana anayerudi kinyumenyume macho juu haoni anakoingia. Kuhusu vidole, mpe kopo tupu la maziwa azungushie uzi.