Ukizidiwa usiku, anayekubeba anajua dawa zako?

SWALI: Habari dada. Mimi ni mama wa miaka 71, mstaafu, naishi mwenyewe hapa Nkuhungu, Dodoma, tangu mzee wangu atangulie mbele za haki. Watoto wapo Dar na Mwanza, wananipigia kila siku ila ndo hivyo wapo mbali. Nina presha na sukari, dawa natumia vizuri. Juzi kati jirani yangu, rika langu kabisa, alizidiwa usiku akakimbizwa na bajaji, kufika hospitali waliompeleka hawajui hata anatumia dawa gani, kadi ya bima ipo ndani na funguo hazionekani. Tangu hapo silali vizuri. Nijiandaeje?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa yaliyompata jirani yako. Ukiangalia vizuri, usiku ule usafiri ulipatikana na hospitali ilifikiwa, kilichokosekana ni mtu wa kuongea kwa niaba yake. Daktari wa dharura akiletewa mama ambaye hawezi kujieleza maswali yake ni yale yale: anaumwa nini siku zote, anatumia dawa gani, kala saa ngapi, kameza dawa saa ngapi, ana aleji na kitu gani, hii hali imeanza lini. Watu wengi wakisikia kujiandaa wanakimbilia kufungasha begi la khanga na sabuni, begi lina kazi yake nitalifikia, ila mi nakuomba uanze na karatasi.

Chukua karatasi moja ngumu, andika kwa herufi kubwa, usiandike mwandiko wa kuunganisha. Juu weka jina lako lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, maana likitofautiana na la kwenye kadi ya bima hapo dirishani mtazungushwa, na kama yanatofautiana kweli basi rekebisha sasa hivi ukiwa mzima. Mwaka wa kuzaliwa, magonjwa yako na umeanza nayo lini, operesheni kama ulishafanyiwa, aleji kama unayo, mfano wapo wasiopatana na penisilini. Halafu dawa. Usiandike "dawa ya presha" mama, dawa za presha zipo nyingi na hazifanani, andika kama ilivyo kwenye boksi, labda amlodipine 5 mg moja asubuhi, metformin 500 mg moja asubuhi moja jioni. Kama yale maandishi madogo yanakusumbua macho, chukua mkasi ukate ule upande wa boksi wenye jina na miligramu, ubandike kwa gundi kwenye karatasi, pembeni yake andika asubuhi au jioni, hapo hata mtu asiyejua dawa hawezi kukosea. Kama unachoma insulini andika ni ya aina gani na yuniti ngapi. Na mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, au hata aspirini ya kila siku, hiyo ikae juu kabisa kwa kalamu nyekundu, kwa sababu akianguka akagonga kichwa au ikatakiwa operesheni ya haraka, hilo ndo jambo wanatakiwa kulijua mapema kabla hawajamgusa.

Na za kienyeji nazo andika. Najua wengi wanaficha wakiogopa kugombezwa na manesi, lakini kuna mizizi na majani yanayoshusha sukari au presha, yakikutana na dawa za hospitali sukari inashuka kupita kiasi na daktari anabaki anatafuta sababu asiyoiona.

Chini ya karatasi andika tarehe, na kila ukitoka kliniki ukabadilishiwa dawa andika upya, karatasi ya miaka miwili nyuma inaweza kuleta madhara. Toa kopi. Moja iwe kwenye begi pamoja na kopi ya kadi ya bima, kitambulisho na daftari la kliniki, nyingine bandika kwa ndani nyuma ya mlango wa mbele, na upige picha uwatumie watoto na jirani. Kama unatumia simu kubwa, mwambie mjukuu akuwekee taarifa za dharura zinazofunguka hata simu ikiwa imefungwa. Kama ni kitochi, namba ya mwanao isiitwe "Mama Neema" au jina la utani, iandike MTOTO WANGU DHARURA.

Sasa funguo. Watoto wa Mwanza hawatavunja kufuli lako usiku mama, atakayefika ni jirani. Chagua majirani wawili, siyo mmoja, maana siku ya tukio huyo mmoja atakuwa kaenda msibani Kongwa, wape ufunguo wa akiba wa geti na wa mlango, na wajue karatasi ipo wapi. Na hapa kuna jambo watu hawaliwazi: kama unalala umekaza komeo kwa ndani, ule ufunguo uliompa jirani hauna kazi yoyote. Usiku funga kwa ufunguo kisha uuchomoe, komeo liache. Wekeaneni na alama, mfano pazia la sebuleni likiwa bado halijafunguliwa saa moja na nusu asubuhi basi jirani agonge, asione aibu. Alama hii itakusaidia kuliko kitu chochote nilichoandika hapa, kwa sababu mtu akianguka bafuni saa nne usiku simu ipo kitandani.

Usafiri ongea na madereva wawili wa bajaji wanaolala mtaani kwako, kubalianeni bei ya usiku kabisa, na ulizia kituo chako cha afya namba ya gari la wagonjwa ni ipi, hiyo nayo iandike mlangoni.

Begi liwe dogo: khanga, shuka, kandambili, mswaki, sabuni, beseni dogo, kikombe, chaja, dawa zako zenyewe kwenye maboksi yake. Muhimu zaidi ni miwani, kifaa cha kusikia na meno ya bandia kama unavyo, na kikasha cha kuvihifadhia chenye jina lako. Nasisitiza hivi kwa sababu mtu mzima akilazwa ghafla anaweza kuchanganyikiwa, usiku anaongea na watu wasiokuwepo, anataka kung'oa dripu, na ndugu wanaanza kusema karogwa au kazeeka vibaya. Mara nyingi ni ugonjwa wenyewe, homa, maji kupungua mwilini, dawa mpya, na kutokuona wala kusikia vizuri kunazidisha. Anayekuuguza aambiwe mapema: akiona umebadilika ghafla amwambie nesi siku hiyo hiyo, akuvalishe miwani, akutajie ni siku gani na mpo wapi, na awepo mtu unayemjua sura.

SWALI: Dada habari za kazi. Baba yetu ana miaka 78, anaishi kijijini upande wa Mvumi na mama mdogo, sisi wote tupo Dar. Kila tukimwambia tupange akiugua ghafla itakuwaje anakuwa mkali, anasema tunamchuria. Mwaka jana aliumwa tumbo akakaa nalo ndani mpaka hali ikawa mbaya ndo akakubali kupelekwa. Tufanyeje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana kaka. Acheni kumuuliza habari za akiugua, muulizeni habari za boma. Mzee, siku ukiitwa msibani wiki nzima, ng'ombe anachunga nani, nani anakamua, mtama ukikaribia kuvunwa nani anafukuza ndege? Wazee wengi wa huku kwetu wanaochelewa hospitali hawaogopi sindano, wanaogopa kuacha mifugo bila mtu wa kumwamini, kwa hiyo anavumilia tumbo leo, kesho, keshokutwa, mpaka anabebwa. Tafuteni kijana wa hapo kijijini ambaye baba mwenyewe anamkubali, mpatane naye malipo nyie watoto, na baba ajue kabisa kwamba akiondoka hata saa nane usiku kijana anaingia zizini asubuhi. Mkishalimaliza hilo mtaona hata ukali unapungua.

Kwenye hela ni hivyo hivyo. Mbuzi akiuzwa kwa haraka kwa sababu mgonjwa yupo wodini anauzwa kwa bei ya kutupa, na mara nyingine hauziki kabisa kwa sababu mwenye mbuzi kalala hana kauli na hakuna anayethubutu kugusa. Baba ataje mwenyewe mbele ya mama mdogo na ndugu ni mnyama gani anaweza kuuzwa na nani ana ruhusa ya kuuza. Na akiwa hapo hapo aseme nani atasimama kusaini ikitakiwa operesheni, msije mkawa watoto wanne kwenye simu mnabishana huku daktari anasubiri.

Mama mdogo naye afundishwe mambo ya kutosubiri kupambazuke. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea, maneno yakitoka hayaeleweki, hicho ni kiharusi, asimpe chakula wala maji wala kidonge maana anaweza kupaliwa, aangalie saa ilikuwa ngapi mara ya mwisho alipoonekana mzima kisha waondoke, matibabu yake mengine yanafaa kwenye zile saa chache za mwanzo tu. Kifua kubana, kuhema kwa shida, tumbo gumu linalouma bila kuachia, kutapika damu, hayo pia hayangoji asubuhi. Waanzie hospitali ya Mvumi iliyo karibu, wasikae kungoja gari la mtu kutoka mjini, na dharura haidai barua ya rufaa kwanza.

Mvua zetu huku Dodoma ni kama Desemba mpaka Aprili, makorongo yanajaa, gari linaweza kulala njiani. Kwa hiyo Novemba hivi hakikisheni dawa zake za kila siku zipo za kutosha na mnajua nani ana pikipiki na njia ipi inapitika. Halafu kama kuna mmoja wenu anachangia bima ya afya ya NHIF kazini, aulize kama mzazi anaweza kuandikishwa kama mtegemezi, fuatilieni sasa baba akiwa anatembea. Na kama uwezo ni mdogo, sera yetu ya wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wanatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, lakini anatakiwa awe ameshatambuliwa. Aende kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii kabla hajaumwa, kulianzisha dirishani mgonjwa akiwa kwenye machela ni mateso ya bure kwenu na kwake.

SWALI: Akiba yangu yote ipo kwenye simu. Mjukuu wangu anataka nimpe namba ya siri ili nikilazwa awe anatoa. Nimpe?
Bibi, Kondoa

JIBU: Shikamoo bibi. Hapana, usimpe, hata kama ni mjukuu mwema, maana siku hela zikipungua wewe upo wodini hamtajua nani katoa nini na mtaharibu undugu. Weka noti kidogo kwenye bahasha ndani ya begi za bajaji na vipimo vya kwanza. Kiasi kingine mtumie mapema mtoto mmoja unayemwamini akushikie, na mtoto wa pili umwambie ni shilingi ngapi. Kama upo kwenye kikoba, waulize kama mfuko wao wa jamii unatoa kwa mwanachama aliyelazwa, na wanatoa akiwa bado hospitali au mpaka alete risiti, kisha namba ya mweka hazina mpe huyo huyo mtoto aliyeshika hela.