Jibu: Newala kwa baiskeli, nipandie upande gani?
Ndugu, umeuliza upandie Newala, mji ulio juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, kutokea Masasi au Mtwara. Kwa baiskeli yenye mizigo, mimi nasema anzia Mtwara, upitie Tandahimba. Uwanda wa juu wa Makonde unainuka polepole kuelekea magharibi, miguu inazoea. Ukitokea Masasi unakutana na ukingo wenyewe wa uwanda, mwinuko mkali kwelikweli. Hapo shusha gia mapema, maana mnyororo ukishakaza kwa uzito hauhami vizuri. Maji jaza kila unapoyapata, huko juu ni shida tangu zamani. Na tafadhali, usiondoke Newala bila kufika Shimo la Mungu, genge la kutazamia mandhari: bonde la Ruvuma lote liko chini yako, Msumbiji ng'ambo. Ukishuka kwenda Masasi, bana breki kwa kuachia-achia, rimu zisichemke.