Kubuni kanga kwa pamoja mtandaoni: tunavyofanya sisi

Mkuu, umeuliza kama wachoraji walio miji tofauti wanaweza kubuni kanga moja mtandaoni bila kuharibiana kazi. Inawezekana. Mimi niko Dar, wenzangu wako Mombasa na Unguja.

Programu isikuumize kichwa. Excalidraw inafunguka kwenye kivinjari, unatuma linki watu wanaingia. Inatosha kwa mawazo ya awali. Drawpile nayo ni ya bure, ina matabaka, yaani michoro inayopangwa moja juu ya nyingine bila kugusana, na unaona mstari wa mwenzako ukichorwa papo hapo.

Kazi kubwa iko kwenye kile unachoweka ubaoni kabla ya kualika watu. Sisi huanza na mstatili wenye uwiano wa kanga yenyewe, kama sentimita 150 kwa 110, tukatenga pindo pande zote nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na chini nafasi ya jina, yaani ule msemo wa kanga. Rangi tatu, basi. Kwenye uchapaji wa skrini kila rangi inataka skrini yake, yaani fremu ya wavu inayopitisha rangi, kwa hiyo ukiongeza rangi umeongeza gharama. Tena mchoraji akiachiwa rangi zote za kompyuta, atakuletea machweo ya kalenda.

Raundi ya kwanza kila mtu anachora kwenye kona yake, maikrofoni zimezimwa. Maongezi yakianza mapema, mwenye sauti nene ndiye anayeamua. Kisha tunabadilishana: unaongeza kwenye mchoro wa mwenzako, katika tabaka jipya, marufuku kufuta chake. Safari moja mmoja wetu alichora korosho kubwa katikati ya mji, kitu cha kawaida kabisa. Wa pili akaigeuza mkia ukatazama nje, akaweka nyingine mkabala nayo. Wa tatu akaona uwazi uliobaki kati ya korosho hizo unafanana na tanga, akaujaza rangi na kuzifuta korosho zote mbili kwenye nakala yake. Tanga lile ndilo tulilolichapa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria.

Jina mlitafute mapema, maana maneno marefu yanakula mji. Hapo jiandaeni kubishana kuliko kwenye rangi.

Usafi wa mwisho apewe mtu mmoja, hasa kona za pindo. Achapishe kipande kwenye karatasi kwa ukubwa halisi. Mistari myembamba inayopendeza kwenye kioo cha simu mara nyingi hupotea kitambaani.

Kuhusu malipo, sisi tunagawana sawa, hata kwa ambaye mchoro wake haukuonekana mwishoni. Tuliandikiana hivyo kabla ya kuanza.