Nilitafuta wanaoacha pombe, nikaangukia kikao cha harusi

Wiki hii mmeuliza: "Je, vikundi vya wanaoacha pombe vinasaidia kweli?" Naomba nirudi nyuma kidogo. Kabla ya kuuliza kama vinasaidia, ulizeni kwanza mlevi anavipataje. Baa ina taa za rangi na muziki unaosikika mtaa wa tatu. Kikundi cha kuacha pombe kinajificha kama watu wanaopanga wizi. Jibu langu basi: wabandike bango barabarani, kubwa, lenye siku na saa.

Mimi nilikuwa mtu wa kuzimua saa moja asubuhi. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikajua sasa nitaacha tu. Nikahamia chupa kubwa. Namba ya kikundi niliandikiwa na muuguzi wa zahanati kwenye kipande cha boksi la dawa. Nikapiga, nikaambiwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, kwenye majengo ya kanisa fulani. Ni mbali na kwetu Tabata, daladala mbili, na hilo ndilo nililolipenda.

Nilipita geti mara tatu. Ya nne nikaingia, nikafuata mlango ulio wazi wenye watu na viti. Mama mmoja mwenye daftari akanichangamkia: "Karibu baba, tumeshaanza. Wewe upande wa bwana harusi au bibi harusi?"

Mwenye akili zake angesema samahani, nimekosea mlango. Lakini mama angeuliza, "Ulikuwa unatafuta upi?" Nikasema, bwana harusi.

Nikakaa kikao kizima. Mapambo, MC, keki, gari la maharusi. Tulipofika kwenye vinywaji ugomvi ukazuka: huyu anataka kreti 40 za bia, yule anasema 15 zinatosha. Mwenyekiti akanigeukia: "Shemeji mgeni, unaonaje?" Nikawaambia wageni ni 300, nusu hawagusi pombe, waliobaki wapigieni chupa nne nne, kreti 24, na zipoe tangu asubuhi, siyo mchana. Wakanipigia makofi. Miaka yote niliyokunywa, hiyo ndiyo siku pekee ujuzi wangu ulipata heshima. Nikaingizwa kamati ya vinywaji, na kabla sijanyanyuka nilikuwa nimeshaahidi 50,000. (Nililipa, kwa simu, awamu mbili. Mweka hazina wa harusi hakuachi hivihivi. Maharusi mpaka leo siwajui.)

Nje giza limeingia. Mlinzi akanisimamisha. "Kaka, wewe si wa harusi." Nikamuuliza amejuaje. "Watu wa harusi hawapiti geti mara tatu. Wenzako wako kule nyuma ya jiko, wahi, wanakaribia kumaliza."

Nyuma ya jiko kulikuwa na viti saba vya plastiki, chupa ya chai, na dada mmoja akieleza alivyouza cherehani ya mama yake. Hakuna aliyeniuliza ukoo wala dini. Niliambiwa tu kwamba AA (Alcoholics Anonymous, ndiyo jina la vikundi hivi) ilianzia Marekani mwaka 1935, walevi wawili, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wakikaa na kuzungumza; kwamba hakuna ada wala fomu, sharti ni kutaka kuacha; na kwamba mikutano mingine ni ya wazi, hata ndugu anaingia, mingine ni ya wenyewe tu. Kapu likapita, nikatia elfu moja.

Sasa nimeandika mpaka hapa, naona bango langu limeanza kupinda. Lingekuwepo siku ile, mama wa daftari angekuwa analisoma kila Alhamisi, na mimi ningepita geti mara ya tano niende zangu baa. Kwa hiyo bango hapana. Wanaotakiwa kuvijua vikundi hivi ni walinzi, wauguzi, makonda, na mkinisamehe, wahudumu wa baa. Ila nilipomwambia hivyo yule dada wa cherehani alikasirika: yeye alitafuta mwaka mzima, bango angelibusu. Basi labda bango dogo.

Na mlichouliza hasa, kama vinasaidia? Huu ni mwezi wa nane sijaonja, lakini ni mara ya tatu naanza kuhesabu. Halafu anayetetemeka na kutoka jasho akikosa pombe msimkimbize huko moja kwa moja. Aanzie hospitali, maana kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege.

Mlinzi bado yupo. Alhamisi iliyopita aliniona kwa mbali, akanionyesha mlango wa ukumbini: "Leo kule kuna kikao cha sendofu, kaka. Nimesikia hawana mtu wa vinywaji."

Jina limehifadhiwa, Tabata, Dar es Salaam