Duara jembamba lisikudanganye

Wadogo zangu mnaoanza maabara, wiki hii nimerudisha ripoti nyingine ya Actinobacillus pleuropneumoniae, bakteria wa homa ya mapafu ya nguruwe, iliyoandikwa "aina hafifu" kwa sababu duara la himolisisi, ile sehemu angavu kuzunguka koloni ambapo chembe nyekundu za damu zimeyeyuka, lilikuwa jembamba. Ni ya tatu mwaka huu. Sikilizeni.

1. Mkiotesha kwenye agari ya damu ya kondoo, pigeni mstari wa Staphylococcus. Huyo ndiye anayetoa NAD, kirutubisho anachohitaji bakteria wetu ili aote. Bila NAD mtakesha mkisubiri koloni.

2. Duara linaonyesha chembe nyekundu zilivyoyeyuka. Halisemi lolote kuhusu pafu. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa mapafu ya nguruwe wawili, nikaotesha, nikaona duara jembamba, nikaandika "mpole". Kibaya zaidi, nilimpigia mfugaji nikamwambia asiwe na haraka ya kuanza dawa. Kesho yake alasiri akapiga yeye: nguruwe 11 wamelala, povu la damu puani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Daktari, si ulisema mpole?" Sauti ile ninayo mpaka leo. Nilipopima jeni za sumu zake, ziitwazo Apx, nikakuta apxII na apxIII, kama ilivyo kwa serova (aina ndogo za bakteria huyu) 2 na 8. ApxI huyeyusha chembe nyekundu kwa nguvu, ApxII kidogo. ApxIII haiziyeyushi kabisa, lakini huziua makrofaji na nutrofili, seli za kinga ya mwili, na nutrofili zikipasuka humwaga vimeng'enya vyake humohumo pafuni. Askari wanachoma nyumba waliyoitwa kuilinda. Hayo yote yalikuwa yakiendelea huku mimi nikipima duara kwa rula.

3. Jeni si protini. Opereni ya apxII, yaani kundi la jeni zinazosomwa pamoja, haina jeni zake za kuitoa sumu nje ya seli, inaazima zile za apxI. Kwa hiyo mkanda mmoja kwenye jeli, yaani jeni moja iliyoonekana kwenye kipimo, haukupi ruhusa ya kutabiri ukali. Tafuteni jeni zote.

4. ApxIV, sumu ya nne, hutengenezwa bakteria akiwa ndani ya nguruwe, si kwenye sahani ya petri. ELISA ya ApxIV, kipimo cha kingamwili kwenye damu, ikiwa chanya, msisingizie chanjo ya bakteria waliouawa.

5. Gandisheni mapema, nyuzi 80 chini ya sifuri, kabla hamjahamisha koloni mara nyingi. Bakteria wa yule mfugaji bado yuko frizani. Kila anayejiunga nasi nampa amwoteshe, atazame duara, aandike anachodhani. Ndipo ninamfungulia picha za yale mapafu.