Ukoga wa Tangini, Mwani wa Baharini: Majibu kwa Wasomaji

Mhariri, assalamu alaikum. Tangi letu la plastiki, jeupe, la lita 1,000, liko darini juani. Kila mara maji hugeuka kijani na kuta zikateleza. Tukitia klorini hutakata siku chache, kisha yale yale. Tufanyeje?
*Mama wa Langoni, Lamu*

Waalaikumu salamu, mama. Huo ukoga ni mwani mdogo wa seli moja moja. Mbegu zake huja na vumbi na maji yenyewe, kwa hiyo kuuzuia usiingie hakuwezekani, unyime mwanga. Saa sita mchana inamia kwenye mdomo wa tangi, ujifunike kichwa pamoja na huo mdomo kwa shuka nzito, utazame ndani. Ukiona kuta zinang'aa, jua linapenya plastiki. Paka rangi nyeusi nje, na nyeupe juu yake ili maji yasipate moto, au lijengee kibanda cha makuti. Bila hilo, dawa ni hasara tupu: ukoga wenyewe huila klorini, na jua humalizia iliyobaki.

Ukishaziba mwanga, ndipo usafishe. Toa maji yote. Sugua kuta, boya na upande wa ndani wa kifuniko kwa brashi ngumu, bila sabuni. Tope la chini lizoe kwa kopo kupitia juu. Ukiliachia liende na mabomba, litaziba mifereji. Suuza, jaza maji, tia lita moja na nusu ya dawa ya klorini isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5. Fungua kila mfereji mpaka harufu itokee, funga, acha saa 12, kisha mwaga yote na usuuze tena. Maji hayo si ya kunywa wala ya kumwagilia miche. Na kama mna birika lenye samaki wa kula viluwiluwi, lisipate hata tone, watakufa.

Utando wa buluu-kijani unaoelea kama rangi iliyomwagika ni jambo jingine. Hao ni sainobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani, na baadhi yao wana sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Klorini huwapasua, sumu ikazidi kutoka majini. Hayo mwaga kabla ya kutia chochote.

Sisi ni kikundi cha kina mama. Twataka kulima mwani kama wenzetu wa Zanzibar na Kibuyuni. Kamba tunazo tayari.
*Malindi*

Kamba zingesubiri, dada zetu. Jambo la kwanza ni maji. Mwani wa kulimwa, spinosamu na kotoni, hutaka chumvi kamili, maji maangavu na mkondo. Mto Sabaki humwaga tope kaskazini mwa mji, na kaskazi ikivuma hulisukuma hadi ghuba ya Malindi. Tope hulalia matawi, maji ya mto hupunguza chumvi, na mwani hugeuka mweupe ukakatika. Ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, msiguse.

Tafuteni mahali pa mchanga ambapo hata bamvua likitoka hubaki maji ya sentimita 30 hivi. Fungeni kwenye kamba vipande vya mwani vya gramu 100, sentimita 20 kati ya kimoja na kingine. Huvunwa baada ya wiki sita. Jaribuni kamba mbili tu, kusi na kaskazi zote mbili, kabla ya kuchangishana fedha zaidi. Ukaushwe juu ya chanja, maana wenye mchanga mnunuzi huukataa, na mvua ikiunyeshea thamani hushuka.

Je, mwani ndio unaoua matumbawe?
*Mvuvi, Mayungu*

Mara nyingi, la. Ndani ya tumbawe hai mna mwani mdogo unaolilisha. Maji yakizidi joto, tumbawe huutoa, likabaki jeupe lenye njaa. Ndivyo ilivyokuwa pwani yetu mwaka 1998. Ukoga huja baadaye kukalia mifupa. Walaji wake ni tafi, pono na kangaja. Wakiisha, matumbawe machanga hukosa pa kushika, kwa hiyo malema yako yaachie upenyo ambao tafi mchanga atapita.