Kabla Hujawawekea Watoto The Hobbit

Wanaoniuliza waanze na kitabu au waanze na muvi huwa nawajibu kwamba inategemea kitabu chenyewe. Kwa The Hobbit sina mjadala: anza na kitabu, tena wasomee watoto kwa sauti, sura moja kila jioni. J.R.R. Tolkien alikitoa mwaka 1937 kikiwa hadithi ya watoto, na kina sura 19 tu. Peter Jackson akakitolea filamu tatu, za 2012, 2013 na 2014, ambazo ukiziangalia mfululizo zinakaribia saa nane. Hapo ndipo matatizo yote yalipoanzia.

Mimi si mtu wa kulalamikia kilichoachwa. Muvi ni lazima ipunguze. Kinachonikera hapa ni kwamba wameongeza, na karibu kila walichoongeza kimemsukuma pembeni Bilbo, shujaa wa hadithi, wakati utamu wote wa kitabu uko kwake: mtu mdogo, mpenda chai na starehe za nyumbani, anayejikuta safarini na watu wenye shida zao.

Filamu ya kwanza naipenda. Tazama jinsi wale vibete 13, wenzake wa safari, wanavyomvamia Bilbo nyumbani bila taarifa, wanakomba stoo nzima, huku mwenye nyumba akihangaikia vyombo vya marehemu mama yake. Yeyote aliyewahi kupokea wageni wa ghafla anamwelewa Martin Freeman, anayemwigiza Bilbo, pale, hata bila kusikia neno. Usiku ukiingia wanaimba kuhusu mlima wao waliopokonywa na joka, kwa sauti nzito za chini, na nyumba yangu huwa inanyamaza.

Halafu kuna vitendawili vya kule pangoni. Sisi tuliokulia kwenye "Kitendawili!" "Tega!" tunajua raha ya mchezo huo, ila kwetu ukishindwa unatoa mji. Bilbo akishindwa analiwa. Andy Serkis anamwigiza Gollum, kile kiumbe cha pangoni anachoshindana nacho, kiasi kwamba unamwogopa na kumhurumia ndani ya dakika moja. Kuna jambo dogo wamelibadilisha. Kitabuni, Bilbo amekwama kabisa, anataka kuomba aongezewe wakati, ulimi unagoma, anaropoka tu, "Wakati!", kumbe ndilo jibu. Kwenye filamu ni Gollum anayemwambia wakati umekwisha, ndipo Bilbo anang'amua. Ya kitabuni naipenda zaidi, maana anaokolewa na bahati tupu.

Ya pili ina joka Smaug, sauti ya Benedict Cumberbatch, na yale mazungumzo juu ya lundo la dhahabu ambapo Bilbo anamvika kilemba cha ukoka ili asigeuzwe majivu. Safi sana. Lakini angalia walichokifanya kwenye mapipa. Tolkien aliwafungia vibete ndani ya mapipa, Bilbo akaelea nje akiwa ameloa chepechepe, akaambulia mafua mabaya hivi kwamba kwenye karamu hakuweza hata kutamka asante vizuri. Filamu imeyaacha mapipa wazi na kuyageuza vita vya mishale na mapanga mtoni. Watoto watacheka, sikatai. Mafua ya Bilbo ndiyo nayakosa.

Tauriel, mwanamke shujaa wa kabila la elf kwenye filamu, hayumo kitabuni kabisa. Kumtunga simlaumu mtu, kwani kitabu hakina mwanamke wa maana safari nzima. Ila wakishamleta wanambebesha mapenzi na Kíli, mmoja wa vibete, kisha Legolas, elf mwingine, ambaye pia kitabuni hayumo, anaingia katikati. Mapenzi ya kubandika.

Ya tatu ni vita, vita, vita. Mpwa wangu aliniuliza katikati, "Mjomba, Bilbo kaenda wapi?" Nikakosa jibu. Kitabuni anapigwa jiwe la kichwa, anazimia na kukosa sehemu kubwa ya vita, nasi tunasimuliwa tu. Haki ya mtu apewe: Guillermo del Toro ndiye aliyepangiwa kuongoza, akajitoa mwaka 2010, Jackson akabebeshwa mzigo, na baadaye alieleza kwamba hakupata muda wa kutosha wa kujiandaa. Uamuzi wa kutoka filamu mbili kwenda tatu ulitangazwa Julai 2012, miezi michache tu kabla ya ya kwanza kutoka. Inaonekana.

Hata hivyo usiitupe yote. Vita vikiisha, Gandalf, yule mzee mchawi wa safari, anaketi kando ya Bilbo na kuanza kuchokonoa kiko chake, hasemi kitu. Sekunde chache tu, na zinashinda yale majeshi yote.

Kwa hiyo nyumbani kwangu utaratibu ni huu: kitabu kizima kwanza, filamu ya kwanza yote (shika rimoti, kuna mfalme anakatwa kichwa kwenye simulizi ya vita vya zamani), ya pili, kisha ya tatu mwanzo mpaka joka linapokufa, na kuruka hadi Gandalf na kiko chake. Toleo refu la hiyo ya tatu msubiri watoto walale. Marekani lilipewa alama ya R, yaani walio chini ya miaka 17 wasitazame bila mzazi au mlezi.